Bahati ya Maji ya Nakuru

Kwanza tuelewane: si mwanzi. Ule mmea wa vijiti vya kijani unaouzwa kwenye maduka ya zawadi na vyombo hapa Nakuru, umefungwa utepe mwekundu na kusimamishwa kwenye glasi ya maji na kokoto, muuzaji atakuambia ni "lucky bamboo" na kwamba umetoka Uchina. Jina lake la kisayansi ni Dracaena sanderiana. Mwanzi ni jamii ya nyasi, na huu hauna undugu wa karibu na nyasi. Ukitaka kuona mwanzi wenyewe, panda juu kwenye msitu wa Mau au Aberdare, ufike pale mwanzi wa milimani unapokua umebanana mpaka mtu anapita kwa shida.

Na Uchina si kwao. Kwao ni Afrika, upande wa Kameruni na nchi jirani zake, chini ya kivuli cha msitu wa mvua. Huo ndio ukweli wa pili ambao muuzaji hatakuambia, si kwa ubaya, ila kwa sababu hata yeye hakuambiwa.

Mmea huu una historia yake, na maji unayowekewa ukifika Nakuru yana historia yake. Zote mbili zinakutana kwenye glasi moja, juu ya kabati la televisheni. Nitaanza na ya mmea kwa sababu ni fupi. Ya maji ndiyo inayonikosesha usingizi.

Mwishoni mwa karne ya 19, matajiri wa Ulaya walikuwa na wazimu wa mimea ya nchi za joto. Mtu aliyetajirika sana na wazimu huo alikuwa Frederick Sander, Mjerumani aliyezaliwa Bremen mwaka 1847 na kuhamia Uingereza. Alijenga kitalu kikubwa mjini St Albans, akaitwa mfalme wa okidi, na Malkia Victoria alikuwa miongoni mwa wateja wake. Sander hakwenda msituni mwenyewe. Alituma watu. Walivuna mimea Asia, Amerika ya Kusini na Afrika, wakaipakia kwenye meli, na iliyofika hai ikauzwa kwa bei ya kushtua. Mapema miaka ya 1890, mmea wetu ulipata jina lake la Kilatini kwa heshima yake: sanderiana, yaani wa Sander. Watu wa msituni ulikotoka hawamo kwenye jina hilo.

Kwa miaka mingi ulikuwa tu mmea wa kawaida wa ndani, wenye majani yenye mistari myeupe. Bahati iliongezwa baadaye, na walioiongeza ni wafanyabiashara wa Taiwan na kusini mwa Uchina. Waligundua kwamba ukiukata vijiti na kuviweka majini, vinatoa mizizi bila udongo. Wakagundua pia kwamba shina linafuata mwanga, kwa hiyo ukiuelekeza upande mmoja na kuugeuza polepole, linajipinda kama springi. Wakaupa jina zuri, fuguizhu, mwanzi wa utajiri na heshima, na kila idadi ya vijiti ikapewa maana yake. Vitatu ni furaha. Vinane ni mali. Vinne hupewi, kwa sababu neno la nne kwa Kichina linakaribiana sana kwa sauti na neno la kifo. Leo mashamba makubwa ya mmea huu yako jimbo la Guangdong, hasa Zhanjiang, na kutoka huko unasafirishwa dunia nzima.

Kwa hiyo ukiununua hapa kwetu, umenunua mmea wa Kiafrika uliozunguka dunia kupitia kwa Mjerumani wa Uingereza na mkulima wa Guangdong, ukarudi barani kwake ukiwa na pasipoti ya Kichina. Naupenda kwa hilo. Sisi wa ploti na bedsita tunaelewa kitu kinachoishi bila udongo wake.

Kuutunza si kazi. Mizizi ifunikwe na maji muda wote, lakini usizamishe shina zima. Uweke mahali penye mwanga bila jua la moja kwa moja, maana jua la adhuhuri huuchoma. Shina likigeuka njano kutoka chini, litoe mapema kabla halijaozesha wenzake. Maji yabadilishwe kila wiki, na hapa kuna sababu mbili. Moja ni harufu. Ya pili ni mbu: mwaka 2001, shehena za mmea huu zilizosafirishwa ndani ya maji kutoka kusini mwa Uchina ziliwasili bandari ya Los Angeles zikiwa na mbu wa aina ya Aedes albopictus, wale wanaoweza kusambaza dengi. Maji yaliyotulia ni nyumba ya mtu, hata yakiwa kikombe kimoja.

Ukifuata hayo yote, mmea utaishi miaka. Lakini ukiwa Nakuru, kuna kitu kitatokea ambacho maelekezo ya kwenye pakiti hayakutaji. Miezi michache ikipita, ncha za majani zinaanza kugeuka rangi. Kwanza njano hafifu, halafu kahawia, kavu kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Rangi inashuka kidogo kidogo kwenye kingo. Watu husema umeonewa kijicho, au aliyeununua hana mkono wa mimea. Kuna rafiki yangu wa Free Area aliyetupa wake nje akisema bahati imeisha.

Wakulima wa maua wanajua jambo hili vizuri. Jamii ya Dracaena ni kati ya mimea inayoumizwa kwa urahisi na floridi, madini yanayopatikana kwenye maji. Mmea unakunywa maji kutoka chini, maji yanapanda hadi kwenye majani na kutoka hewani kama mvuke, lakini floridi haitoki. Inabaki pale safari inapoishia, kwenye ncha. Wiki baada ya wiki inajikusanya mpaka seli za pale zinakufa. Bila shaka klorini, chumvi nyingi au hewa kavu pia zinaweza kukausha ncha, na mmea si mashine ya maabara. Lakini ukiwa katikati ya Bonde la Ufa, mshukiwa wa kwanza anajulikana.

Kama ulikulia Nakuru, Njoro, Gilgil, Elmenteita au Naivasha, rangi hiyo ya kahawia unaijua. Si lazima uende kwenye mmea. Cheka tu mbele ya kioo.

Mimi nilikulia Njoro, kwenye ploti iliyotumia maji ya kisima kirefu. Utotoni sikujua kama meno yangu yana shida, kwa sababu kila mtu darasani alikuwa nayo hivyohivyo: wengine madoa meupe kama chaki, wengine mistari ya kahawia, wengine vishimo. Nilipopelekwa sekondari upande wa Magharibi ndipo nilipogundua kwamba meno yangu yana kaunti. Siku ya kwanza bwenini mtu aliniangalia nikiongea, akasema, "Wewe ni wa Nakuru, si ndio?" Hakuwa ameniuliza jina bado.

Nimesikia maelezo yote. Ati ni chai nyingi. Ati ni uchafu. Mwalimu wangu wa darasa la nne alikuwa anatupanga mstari na kutuambia tupige mswaki kwa nguvu, na kuna wenzangu walitumia mkaa na mchanga mpaka ufizi ukatoka damu. Karo ilipogoma nikaacha chuo mwaka wa tatu, nikatafuta kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja. Yule aliyenihoji alisoma barua yangu vizuri, akanisikiliza vizuri, halafu akaniuliza kama nimewahi kufikiria kazi ya jikoni. Tangu hapo nimejifunza kucheka mdomo ukiwa umefungwa. Angalia picha za harusi za kwetu, utaona si mimi peke yangu.

Floridi haichafui jino kutoka nje. Inaingia kupitia damu wakati jino bado linaundwa chini ya ufizi, tangu utotoni mpaka kama miaka minane. Gamba gumu la nje linaundwa vibaya, linabaki na vitundu vidogo, na jino likishatoka ndipo vitundu hivyo vinashika rangi. Hakuna mswaki unaoweza kufika huko. Kidogo cha floridi husaidia meno yasioze, ndiyo maana huwekwa kwenye dawa ya meno. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Ukipita hapo madoa yanaanza, na ukipita sana kwa miaka mingi, madini yanaingia kwenye mifupa, viungo vinakaza na mgongo unauma.

Sasa, kwa nini sisi? Jibu la kwanza liko chini ya miguu yetu. Bonde la Ufa ni ardhi iliyopasuka, na Menengai inayotuangalia kutoka juu ya mji ni volkano. Miamba ya volkano za huku ina floridi nyingi. Maji ya mvua yanapenya, yanakaa chini muda mrefu, yanaoshana na miamba hiyo. Sehemu nyingine za dunia kalsiamu kwenye maji huikamata floridi na kuiangusha chini. Maji yetu ya chini yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo floridi inabaki imeyeyuka humo, haionekani, haina harufu, na maji yanakuwa maangavu kabisa. Maziwa yetu yasiyo na njia ya kutokea yanaikusanya zaidi: utafiti uliochapishwa mwaka 1984 na Nair, Manji na Gitonga ulitaja Ziwa Nakuru kuwa na miligramu 2,800 kwa lita na Elmenteita 1,640. Hakuna anayekunywa maji ya ziwa. Ila katika sampuli 1,290 za maji ya chini ya ardhi walizokusanya kote nchini, asilimia 61 zilipita miligramu 1, na karibu moja katika kila tano ilipita miligramu 5.

Jibu la pili ni la historia, na hili halisemwi sana. Miamba imekuwepo siku zote, lakini si lazima watu wakae mahali pamoja wakinywa kutoka tundu moja mwaka mzima. Mfugaji Mmaasai aliyelisha ng'ombe kwenye bonde hili alihama na malisho, akanywa mto huu leo na ule kesho, mito inayoshuka kutoka Mau na Aberdare ikiwa na maji ya mvua. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliwafanya Wamaasai watie saini mkataba uliowaondoa hapa katikati ya bonde, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini, na mwaka huohuo Nakuru ikatangazwa kuwa mji. Ardhi ikagawiwa walowezi. Wenye mashamba wakaleta vibarua kutoka kila upande, wakawajengea vibanda palepale. Bwana shamba akichimba kisima, familia nzima za vibarua zikanywa kisima hicho, watoto wakazaliwa na kukua juu yake. Baada ya uhuru mashamba yakakatwa vipande, vipande vikawa vijiji, vijiji vikawa ploti kama yetu, na pampu zikaendelea kuvuta.

Nakuru ilitangazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Sehemu kubwa ya maji yake bado inatoka kwenye visima virefu, vya Baharini, Kabatini na Olobanita, na mengine yanatoka mto Turasha. Bwawa la Itare kule Kuresoi, ambalo lingeleta maji ya mto kwa wingi, lilianza kujengwa mwaka 2017 na likasimama mwaka uliofuata. Na Kabatini, ukiangalia ramani, iko Bahati. Hilo ndilo jina la eneo. Tunanunua bahati kwenye glasi, na huenda maji tunayoiwekea yametoka Bahati.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi jambo hili lilivyojulikana mapema. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifungua kazi Colorado Springs huko Marekani, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia. Walimwambia ni nyama ya nguruwe, ni maziwa mabaya. Alifuatilia kwa miaka 30. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, uliokuwa na tatizo hilohilo, akaona floridi. Mwaka 1953 East African Medical Journal ilichapisha ripoti ya awali kuhusu ugonjwa huu wa meno nchini Kenya. Halafu ikaja ile ya 1984. Mimi nilizaliwa miaka mingi baadaye, na bado nilipangwa mstari na kuambiwa nipige mswaki kwa nguvu. Elimu ilikuwepo, kwenye jarida, kwenye maktaba, kwa Kiingereza. Ilikuwa haijashuka hadi kwenye mtungi.

Waliojaribu kuishusha wapo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imekuwa ikitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri kwa joto kali na hewa kidogo, inasagwa, inachekechwa, inaoshwa, kisha inajazwa kwenye ndoo au tangi. Maji yakipita humo, mfupa unaikamata floridi. Ukifikiria vizuri utaona ni jambo la ajabu: mfupa wa ng'ombe unafanya kwa makusudi kilekile ambacho mifupa yetu ilikuwa ikifanya bila sisi kujua. Kichujio hicho huchoka, mkaa lazima ubadilishwe, na hiyo ni gharama. Kuchemsha maji hakusaidii. Mvuke unaondoka, floridi inabaki, kwa hiyo kilichobaki sufuriani kina floridi nyingi zaidi kuliko mwanzo. Kuyaacha yalale usiku kucha kunapunguza klorini tu. Njia rahisi ni ile ya bibi zetu: mabati safi, mfereji, tangi, mvua.

Mwaka jana nilifanya jaribio dogo. Nilinunua vijiti viwili vya duka moja, siku moja. Kimoja nikakiweka kwenye maji ya kisima, kingine kwenye maji ya mvua niliyokinga masika. Dirisha moja, mwanga uleule, maji yakibadilishwa kila Jumapili. Kufikia mwezi wa nne, majani mapya ya kile cha mvua yalikuwa kijani hadi nchani. Kile cha kisima kilikuwa na ncha zangu.

Vijiti viwili si sayansi, najua. Lakini dadangu alipokuja kunitembelea akaviona vimekaa pamoja, hakuhitaji kusomewa jarida. Yeye ana meno kama yangu. Alimwita mwanawe wa miaka mitatu, akamwambia afungue mdomo, akayaangalia yale meno madogo meupe ya utotoni kwa muda mrefu. Meno ya ukubwani ya mpwa wangu yanaundwa sasa hivi, leo, wakati unasoma hapa. Ana kama miaka mitano iliyobaki. Baada ya hapo kisima kinaweza kupimwa, kichujio kinaweza kuletwa, bwawa linaweza kukamilika, na meno yake yatabaki yalivyo.

Kwa hiyo nitakuambia tulichofanya, kwa sababu hata wewe wa Lanet au Kiamunyi unaweza. Tulimuuliza mwenye ploti kama kisima chake kimewahi kupimwa floridi. Uliza namba, usikubali "maji ni safi", maana kiwango hubadilika kutoka kisima hadi kisima, hata vilivyo karibu. Hakuwa nayo, kwa hiyo wapangaji tulichanga, sampuli ikapelekwa maabara, ikarudi na miligramu 4 na kitu. Dadangu akanunua tangi la plastiki na kipande cha mfereji. Maji ya mvua ni ya mtoto: ya kunywa, ya uji, ya chai yake. Mvua ikikatika ananunua yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa. Sisi wakubwa tunaoga na kufua na ya kisima, na mara nyingi tunakunywa hayohayo, maana meno yetu yalishaamuliwa, ingawa mifupa bado tunaihitaji.

Vile vijiti viwili sasa viko pamoja kwenye glasi moja, kwa dadangu, na vyote vinapewa maji ya kisima. Tangi halitoshi kugawana na mmea. Ncha zikikauka, anazikata kwa mkasi na majani yanaendelea.